Mwalimu Aliyeuliza Kiini ni Nini

Alizaliwa wapi na mwaka gani, sijui, na sikuwahi kumwuliza. Kwenye mgahawa wangu mtu anaingia ameshakuwa mtu tayari, mimi kazi yangu ni kumwekea chai. Mwalimu aliingia hivyo, mstaafu, koti la kijivu, ndoo ya mayai mkononi, na tangu siku ile sijawahi kumwita jina jingine. Alifundisha Kiswahili sekondari mpaka alipostaafu, akajenga Maisaka, nyumba chache tu kutoka ninapoishi, akaanza kufuga kuku wa kienyeji. Mayai yake mengi yaliishia kwangu, hapa karibu na stendi ya Babati, ninapouza chai, chapati, supu na chipsi mayai.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuguswa haraka. Tangu Baba Elia, mume wangu, afariki, mambo mengi yananifikia yakiwa yamepoa. Siku ya msiba wake watu walilia uani kwangu, na mimi nilikuwa nawaza masufuria ya kuazima yatarudije kwa wenyewe. Kwa hiyo nikimweleza Mwalimu bila machozi, msidhani sikumpenda. Nilimpenda, kwa namna hii niliyonayo sasa.

Trei za mayai alizikataa. Aliweka pumba chini ya ndoo, akapanga mayai, akamwaga pumba tena, akapanga mengine, mpaka juu. Alitoka Maisaka kwa miguu na hiyo ndoo, na bodaboda wakimwita apande anawajibu kwamba mayai hayajui kushika. Akifika ananisalimia mimi kwanza, maana mimi ndiye mwenye nyumba pale, ingawa ni mdogo kwake kwa mbali. Nilipomwahi na shikamoo alifurahi. Aliitikia "marahaba" kwa sauti nzima, wala hakuimeza kama watu wa siku hizi.

Vijana walimpenda na walimkwepa. Kijana akipita na "Mambo vipi, Mwalimu?" yeye anasimama na kuuliza, "Mambo gani?" Anauliza kweli, na anangoja jibu. Nimeona kijana wa bajaji akieleza habari ya tairi yake mpaka mwisho kwa sababu hakujua aondokeje. Mwalimu alimsikiliza yote, kisha akamwambia, "Hayo sasa ndiyo mambo," akarudi kwenye chai yake.

Lakini kilichomfanya ajulikane stendi nzima ni yai. Akishakaa na kukoroga chai, anamtafuta kwa macho mtu aliyeagiza yai la kuchemsha. Anamngoja alimenye, alipasue, atie chumvi na pilipili. Halafu anamwinamia.

"Samahani, kijana. Hicho cha ndani kinaitwaje?"

"Hiki? Njano."

"Njano ni rangi. Nimekuuliza jina."

"Kiini."

"Vizuri. Na kiini maana yake nini?"

Hapo ndipo wengi walipokwama. Kiini si kiini tu, walisema, kwani kuna nini tena? Mwalimu anasukuma kikombe pembeni. Nilisikia maelezo yale mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuyasema huku nageuza chapati, na sikuyachoka, labda kwa sababu sikuwa nayasikiliza sana.

"Ki, ini. Ini dogo," alisema. "Waliotuachia lugha hii walikuwa watu wa kuchinja. Wakifungua mnyama wanakuta ini limekaa huko ndani, zito, limejaa damu. Wakalichukua kuwa jina la ndani. Ukisema nyumbani, mfukoni, shambani, ile sauti ya mwishoni ni ini hilohilo, limechakaa kwa kutumika. Na ukiumizwa sana unasema umekatwa maini, maana wao maumivu waliyaweka huko. Basi walipovunja yai wakakuta kitu kimekaa ndani peke yake, kina rangi yake, wakakiita ini dogo." Kisha anaongeza, kila mara, kwa haki kabisa: "Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Wapo wanaobisha, na waacheni wabishe."

Aliyebisha zaidi alikuwa jirani yangu wa bucha. Siku moja alivuka na aproni yake ya damu, kisu bado kiko mkononi.

"Mwalimu, mimi nafungua ng'ombe kila siku ya Mungu. Ini haliko katikati. Liko upande, chini ya mbavu."

"Katikati kuna nini?"

"Utumbo."

"Sasa wewe ungependa uagize yai, uletewe kiutumbo?"

Watu walicheka, na mwenye bucha mwenyewe akacheka, akarudi kwake. Lakini hakuridhika. Baadaye alimleta fundi seremala aeleze kwamba hata mti una kiini, ule mti mgumu mweusi wa ndani ambao mchwa hali, na mti hauna ini. Mwalimu alimwagizia seremala chai. Alikuwa mtu wa hivyo, ukimbishia kwa hoja anakununulia chai, ukikubali harakaharaka anakudharau.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Yeye aliyesema lugha yetu imetoka kwa watu wa kuchinja, hakuweza kuchinja kuku. Jogoo akizidi ukali alikuja kumwita mwenye bucha, na wakati wa kuchinjwa yeye alikwenda kusimama upande wa pili wa nyumba akitazama barabara. Alichukia umbea, lakini hakuna aliyeijua mitaa ya Maisaka kama yeye. Aliwaambia watu wasikatizane katika mazungumzo, na yeye alikatiza kila mtu. Ukiwa katikati ya habari ya mgonjwa wako, ukakosea kitu kidogo, anakusahihisha, kisha anasema, "Haya, endelea," na wewe huna hamu tena ya kuendelea.

Na nyumbani kwake lugha ilikuwa moja. Hilo alilisema kwa fahari. Watoto walipokuwa wadogo aliweka sheria, kwamba mlangoni unavua viatu na unaacha lugha ya kwenu, ndani ni Kiswahili. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa hapa, alikuwa wa kuja kama mimi. Mkewe, Mama Grace, ndiye mwenyeji, Mgorowa wa upande wa Galapo. Nilimwuliza Mwalimu, "Na wewe kwenu mnaongea nini?" Akasema ameshasahau nusu. Nikamwuliza kama Kigorowa anakijua. Akatikisa kichwa, kana kwamba nimemwuliza kama anajua kupiga ngoma. "Mama Grace anakijua," alisema, "inatosha kwa nyumba moja."

Mama Grace huyo alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipita mgahawani akitoka sokoni, akaweka kikapu chini, akanywa chai amesimama. Nilikuwa nampa yai la bure, kwa vile ni mayai ya kwao, na yeye analifunga kwenye pindo la kanga na kushukuru. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, akaenda. Ukiniuliza sauti yake ilikuwaje, ningekwambia ya chini kidogo, yenye lafudhi ya kwao. Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema juu yake, na sidhani kama wengi Maisaka walikuwa nalo.

Alianguka shambani, pembezoni mwa Singe, akipalilia. Waliokuwa shamba la jirani walimwona jembe limedondoka na yeye amekaa chini, anatazama mkono wake. Wakampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Alikaa huko, akarudishwa nyumbani. Kiharusi, walisema. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu unaburuta, mdomo umevutika kidogo. Na maneno hakuwa nayo. Alitoa sauti, kama mtu anayesafisha koo, basi. Muuguzi alimwambia Mwalimu amzungumzishe kila siku, amwoneshe vitu, amtajie, huenda vikarudi na huenda visirudi.

Kumpa Mwalimu agizo kama lile ilikuwa kumrudisha darasani. Alikuja mgahawani siku iliyofuata amenyoa ndevu.

"Nitamrudisha, Mama Elia," alisema. "Neno moja kwanza. Likitoka moja, mengine yatafuata njia."

"Neno gani?"

Alinitazama kama nauliza jibu ninalolijua, na kweli nililijua.

"Kwa nini usianze na maji?" nikamwambia. "Au jina la Grace."

"Maji hayana umbo. Jina la mtoto litamliza. Kiini kinaonekana, kina rangi, kinashikika. Na kulitamka hakuhitaji midomo, midomo yake ndiyo iliyolegea. Nimelifikiria hili usiku na mchana."

Nilikuwa napita kwao jioni nikishafunga, na uji au maharage kidogo, kwa sababu mwanamume peke yake na mgonjwa ni shida. Kwa hiyo lile somo nililiona kwa macho yangu. Alimkalisha Mama Grace barazani kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni, kitenge magotini. Akachukua yai lililochemshwa, akaligonga kwenye mkono wa kiti, akalimenya polepole, maganda akiyaweka kwenye kisahani. Kisu hakutumia, alisema kisu kinapaka kiini kwenye ute. Alizungusha uzi wa cherehani kiunoni mwa yai, akavuta ncha mbili, likaachana nusu safi. Akamsogezea nusu moja.

"Mama Grace. Nitazame. Hiki ni nini?" Aligusa kwa kijiti cha kiberiti. "Ki... Ki..."

Mama Grace alilitazama lile yai. Halafu akageuza uso ukutani.

"Ki..." Mwalimu alingoja. Alikuwa na subira ambayo mgahawani hakuwahi kutuonesha. Kuku walikuwa wanaparua chini ya baraza, na yeye amenyoosha mkono vilevile. "Umechoka," akasema mwishoni. "Tutajaribu kesho." Akatia chumvi, akalila lile yai yeye mwenyewe, nusu zote mbili, asiharibu chakula.

Nilikaa pale nikajaribu kuona huruma. Nilijua inatakiwa. Nilichokiona ni kwamba uji wangu unapoa na kuna mtu anatakiwa amlishe, nikamlisha. Uji aliupokea vizuri, akafungua mdomo kila kijiko kilipokuja.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi watu wa stendi walikuwa wanamngoja. Hata wale waliomkwepa walimsogelea. "Vipi, Mwalimu?" Naye anatua ndoo yake, anavuta kiti. "Bado." Hakuuliza tena wateja habari ya mayai yao. Mtu angeweza kula yai zima mbele yake, kwa amani.

Ndoo nayo ilianza kuja nusu. Mayai mazuri aliyabakiza nyumbani. Alianza kuwapa kuku mchicha na mahindi ya njano ili kiini kikolee rangi, labda kikikolea Mama Grace atakitambua. Kweli kilikolea. Nilipovunja mayai yake kwenye chipsi, yalikuwa na rangi ya machungwa, na wateja wakauliza nimetia nini. Yeye mwenyewe alikuwa anakonda, koti likaanza kuning'inia mabegani. Baadaye aliongeza jambo jingine katika somo, akawa anamega kipande na kumgusisha mkewe mdomoni. Alidhani akionja atakumbuka. Mama Grace alibana midomo kadiri alivyoweza.

"Ubongo unakataa kupokea," Mwalimu aliniambia.

Simu ndizo zilizomchosha zaidi. Grace yuko Dodoma, mdogo wake yuko Mwanza, na wote walimtaka mama yao. Mwalimu alimwekea Mama Grace simu sikioni, akasimama ameishika. Tulisikia sauti ya Grace ikitoka, "Mama, mama, unanisikia?" na Mama Grace anapumua tu. Mwalimu anairudisha simu kwake. "Mama yupo. Anasikia." Siku moja, baada ya simu ya namna hiyo, alikaa ngazini, akaniambia jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwake.

"Nyumba haina sauti, Mama Elia. Nisipomrudishia hata neno moja, nitaishi na mtu nisiyejua anataka nini. Nitafika kufa simjui."

Nilimwambia ajikaze. Ndilo neno walilonipa mimi pia wakati wangu, na sikuwa na jingine karibu.

Mdogo wake Mama Grace alikuja kutoka Galapo baada ya mavuno ya mahindi kwao. Ni mama mnene, wa sauti kubwa, anayetembea kama mtu aliyechelewa basi. Siku ile alipofika alimwogesha dada yake, akamsuka, akafua mashuka, na jioni nilipopita nilimkuta amekaa ngazini anapumzika, miguu ameinyoosha. Mwalimu alikuwa ameshamkalisha mgonjwa. Alinikaribisha, akachukua yai, akalimenya, akazungusha uzi, akavuta.

"Mama Grace. Hiki ni nini? Ki..."

Uso ukageukia ukutani. Mwalimu akamega kipande, akampelekea mdomoni.

"Shemeji," yule mdogo mtu akasema, "unamlisha nini?"

"Simlishi. Namfundisha."

"Unamfundisha kwa yai? Huyu hali mayai."

"Anayakataa kwa sababu ya ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Hali tangu mtoto." Alisema bila ubaya, kama anayeeleza njia. "Sisi wasichana wa wakati ule mayai hatukupewa. Walituambia ukila utakuja kuzaa mtoto hana nywele. Wengine tukaja kula ukubwani, tukaona ni uongo. Yeye hakuweza. Harufu tu inamtibua."

Mwalimu alibaki ameshika kile kipande. "Amenipikia mayai tangu tuoane."

"Amekupikia wewe."

"Hajawahi kuniambia."

"Ulimwuliza?"

 Nilimtazama Mama Grace. Alikuwa ameuacha ukuta, anamtazama mumewe moja kwa moja, na machozi yanamtoka upande ule wa uso ulio mzima.  Mwalimu alitafuta mahali pa kuweka lile yai. Kisahani kilikuwa pale pale magotini pake na hakukiona. Mwishowe alilitia lote kwenye mfuko wa koti, akainuka, akaenda kusimama upande wa pili wa nyumba, kule anakosimama kuku wakichinjwa.

Mimi nilirudi kwangu na bakuli langu. Njiani nilikumbuka yale mayai niliyompa Mama Grace, aliyoyafunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nadhani anampelekea mumewe. Kumbe ni kweli, alikuwa anampelekea mumewe. Niliingia ndani, nikaosha vyombo, nikalala, na asubuhi nikaamka bado nalifikiria jambo lile, kitu ambacho si kawaida yangu.

Mwalimu alipotea stendi kwa muda. Aliporudi, ndoo ilikuwa imejaa mpaka juu. Kijana wa bajaji akamwita kwa utani, "Mwalimu, leo hutuulizi kiini?" Akasema, "Niache, mwanangu." Alikunywa chai nusu. Halafu aligeuka kwa mwenye bucha, ambaye alikuwa amekuja kuchukua supu.

"Mkeo hali nini?"

"Hali nini kivipi?"

"Kitu gani hakili. Kinachomshinda."

Mwenye bucha alicheka. "Anakula anachopika."

"Una hakika?"

 Mwenye bucha alichukua supu yake, akavuka. Nilimwona kule bucha amesimama muda mrefu bila kukata nyama, na mteja anamngoja.

Tangu hapo hilo likawa swali lake. Alimwuliza seremala. Aliwauliza madereva wa mabasi, watu wazima wenye wake zao huko walikotoka. Mama yako hali nini? Mke wako je? Wengine waliona uzee umeanza kumvuruga. Wachache walijibu, na wengi wa hao walijibu kwa kubahatisha, nikiwaona wanavyotazama juu kwenye paa. Mwalimu hakusahihisha mtu. Alisikiliza mpaka mwisho na kusema asante. Siku moja aliniuliza na mimi, Baba Elia alikuwa hapendi chakula gani. Nikamwambia, mlenda. Nilijibu haraka, bila kufikiri, halafu nikalazimika kugeuka kwenye jiko, kwa sababu moshi ulikuwa umenipata, au tuseme ulikuwa moshi.

Ya nyumbani kwake alinieleza kwa vipande. Somo alikuwa ameliacha. Shemeji yake ndiye aliyeshika nyumba, na huyo hakuwa na habari ya sheria za mlangoni. Kutwa nzima alimsemesha dada yake Kigorowa, akimwogesha, akimgombeza, akimpa habari za Galapo, nani kaolewa, nani kauza shamba. "Nyumba imejaa maneno," Mwalimu alisema, "na sielewi hata moja."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Nakaa."

Sikumwuliza zaidi. Kazi ilinibana, nikapata na homa, na kwa muda sikupita kwao. Asubuhi aliniletea mayai, akanywa chai, akaondoka mapema kuliko zamani. Nilimwuliza mgonjwa anaendeleaje, akasema, "Njoo umwone," na sauti yake haikunipa jibu lolote.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, bado nimevaa gauni la kanisani. Ulikuwa wakati wa mbaazi mbichi, na uani kwao palikuwa na jamvi limetandikwa kivulini mwa nyumba, lundo la mbaazi katikati. Mama Grace alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, anamenya kwa mkono wa kushoto, akibana ganda kwa goti. Mdogo wake alikuwa mbele yake. Mwalimu alikuwa pembeni kwenye kigoda, bila koti, bakuli mapajani, na yeye anamenya. Sikuwahi kumwona bila koti. Nikasalimia, nikaambiwa karibu, nikavua viatu, nikakaa.

Mdogo mtu alikuwa katikati ya habari ndefu ya kwao. Alifika mahali akanyamaza, akatafuta kitu, labda jina la mtu. Na Mama Grace akasema.

Alisema polepole, mdomo ukivutana, neno likisimama na kuanza tena. Lakini yalikuwa maneno. Mdogo wake akapiga goti lake kwa kiganja, akamjibu, na Mama Grace akaongeza jingine, refu zaidi, akacheka. Sauti yake ilikuwa ya chini kidogo, vilevile. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema kwa urefu namna hiyo, hata alipokuwa mzima.

 Mimi, ambaye nilizika mume nikihesabu masufuria, niliona macho yangu yanajaa mbele za watu, nikayaacha.

Nikamwinamia Mwalimu. "Anasemaje?"

"Sijui," alisema.

"Ngoja nimwulize mdogo wake atutafsirie."

Akanishika mkono, kwa upole, asinitazame mimi. "Usimkatize."

Mbaazi zilikuwa bado nyingi kwenye bakuli lake, lakini aliacha kumenya, nadhani ili maganda yasipasuke kwa kelele wakati mkewe anaongea.